Mgodi ukifungwa, barabara hubaki: kwa baiskeli kutoka Kachibora hadi Kimwarer

Tangu mgodi wa Base Titanium kule Kwale usimamishe uchimbaji mwezi Desemba 2024, swali moja limekuwa likizunguka mabarazani kuanzia Ukunda hadi Msambweni: ardhi ile sasa ifanywe nini? Wapo wanaotaka irudi kwa watu wa Nguluku na Maumba waliohamishwa kupisha mgodi. Wapo wanaotaka mashamba makubwa, na wapo wanaotaka viwanda.

Mimi sina jibu la swali zima. Ninachotaka leo ni kuwapeleka wasomaji mahali ambapo swali hilohilo lilianza kuulizwa miaka minane kabla yetu, tena mbali kabisa na bahari: Bonde la Kerio, ambako mgodi wa fluospa wa Kimwarer ulifungwa mwaka 2016. Nitawapeleka kwa baiskeli, kwa sababu ndivyo nilivyokwenda, na kwa sababu baiskeli yenyewe ni sehemu ya jibu, ingawa ni sehemu ndogo.

Baiskeli ya changarawe ni ipi?

Sote Pwani twaijua baiskeli ile nyeusi ya chuma, inayobeba madumu ya maji, magunia ya makaa na mnazi wa asubuhi. Twaijua pia ile nyepesi ya mashindano, yenye tairi nyembamba kama kamba, inayotaka lami safi. Baiskeli ya changarawe imekaa katikati ya hizo mbili. Usukani wake umepinda kama wa baiskeli ya mashindano, lakini tairi ni pana, kiasi cha milimita 40 hadi 50, na hujazwa upepo kidogo ili ziyameze mawe badala ya kuruka juu yake. Gia zake ni nyepesi sana kwa ajili ya milima, na breki ni za diski, kwa hivyo hushika hata zikilowa matope.

Mchezo huu ulipata umaarufu Marekani. Mashindano yanayoitwa leo Unbound Gravel, huko Kansas, yalianza mwaka 2006. Kenya ilipata ya kwake mwaka 2021, Migration Gravel Race, siku nne za vumbi katika nchi ya Maasai Mara. Aliyekuwa mbele katika kuutambulisha mchezo huu hapa nchini ni marehemu Suleiman Kangangi, tuliyemwita Sule, nahodha wa timu ya Amani. Alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Wenzake wanaendelea, na wamefanya Iten kuwa kituo chao.

Msomaji asidhani kwamba baiskeli ni jambo lililoletwa na wageni katika nchi ile ya magharibi. Neno boda boda, ambalo leo twalitumia hadi Lamu, lilizaliwa Busia, mpakani na Uganda, pale vijana walipobeba abiria kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Bungoma na Kitale bado utakutana na baiskeli iliyobeba maziwa, mahindi au kitanda kizima. Kilicho kipya ni mtu kupanda mlima kwa baiskeli bila kubeba chochote, kwa raha yake. Hilo ndilo huwachekesha watu njiani.

Kachibora na Milima ya Cherangani

Safari niliianzia Kachibora, mji mdogo wa soko mashariki mwa Kitale, kaunti ya Trans Nzoia. Hapa ndipo nchi tambarare ya mahindi inapokwisha na milima kuanza. Nyuma yako ni mashamba yanayolisha sehemu kubwa ya Kenya. Sima unayokula Kisauni huenda unga wake ulitoka huku. Mbele yako ni Cherangani.

Milima ya Cherangani haikutokana na volkano kama jirani yake, Mlima Elgon. Ni miamba ya kale sana, iliyoinuliwa hadi zaidi ya mita 3,500 katika vilele vyake vya juu. Ni mmojawapo wa minara mitano ya maji ya Kenya, pamoja na Mau, Aberdare, Mlima Kenya na Elgon. Mvua ikinyesha upande wa magharibi, maji yake huingia mto Nzoia na kwenda Ziwa Victoria. Ikinyesha upande wa mashariki, hushuka Kerio na kuelekea Ziwa Turkana. Kwa hivyo mtu anayepanda kutoka Kachibora kwenda Bonde la Kerio anavuka mgongo unaogawa maji ya maziwa mawili.

Mpando huo si mchezo kwa mtu wa pwani. Sisi tumezaliwa usawa wa bahari. Huko tayari uko karibu mita 2,000 na bado unapanda. Pumzi inakatika kabla ya miguu kuchoka. Dawa yake ni moja tu: fika mapema, kaa siku mbili tatu Kitale ukitembea na kula vizuri, kisha ndipo uanze. Anayeshuka garini alfajiri na kupanda mlima saa tatu atalala njiani.

Udongo ni mwekundu. Ukikauka ni zulia. Ukilowa ni gundi inayojaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Trans Nzoia hupata mvua kwa miezi mingi, kuanzia Machi au Aprili hadi karibu Oktoba. Kwa hivyo Desemba hadi Februari ndio wakati wa kwenda, ambao kwetu ni msimu wa kaskazi.

Jambo moja la adabu. Misitu ya Cherangani si mahali pa kukatiza tu kwa sababu simu imekuonyesha kijia. Ni ardhi ya asili ya Wasengwer, ambao wamekuwa na mvutano mrefu na serikali, na kufurushwa kwao msitu wa Embobut mwanzoni mwa mwaka 2014 kulisikika dunia nzima. Tumia barabara za vijiji, salimia watu, na ukitaka kuingia msituni pata ruhusa na mwenyeji wa kukuongoza. Salamu yao ni “chamgei”. Neno hilo moja lilinifungulia milango mingi kuliko Kiswahili changu chote cha Mombasa.

Kushuka kwenye joto

Kutoka Kapcherop unafuata migongo ya milima upande wa Chebiemit hadi Iten, mji wa wakimbiaji, uliokaa ukingoni mwa bonde. Baridi ya usiku hapo ni ya kuvaa sweta mbili. Asubuhi unasimama ukingoni na kuliona Bonde la Kerio lote chini yako, na ng'ambo yake Milima ya Tugen.

Kutoka Iten barabara inashuka kupitia Tambach hadi Biretwo kwa kona kali. Ni lami, na hapo breki ndizo zinazofanya kazi, si miguu. Kila kona inakuvua nguo moja. Ukifika chini umerudi katika joto unalolijua: miembe, migomba, mizinga ya nyuki juu ya miti, mbuzi kivulini. Mpwani anapumua. Kutoka hapo unageuka kusini na kufuata sakafu ya bonde, vumbi na changarawe, mlima ukiwa ukuta upande wako wa kulia, hadi Kimwarer.

Kimwarer ulivyokuwa

Fluospa ni jiwe lenye floridi ya kalsiamu ndani yake. Hutumika kuyeyusha chuma viwandani, na kutengenezea asidi inayozaa gesi za mafriji na kemikali za kusafishia alumini. Uchimbaji Kimwarer ulianza mapema miaka ya 1970. Mwamba ulilipuliwa, ukasagwa, kisha ukaoshwa kwa maji na kemikali ili unga wa fluospa uelee na kutengwa na mchanga. Unga huo ulipelekwa hadi bandari ya Mombasa na kupakiwa melini. Kwa hivyo bonde lile na bandari yetu walikuwa jamaa kwa zaidi ya miaka 40, ingawa wengi wetu hatukujua.

Mji ulikua kuzunguka mgodi, hata watu wengi huuita kwa jina la jiwe lenyewe, Fluorspar. Bei ya dunia ilipoanguka, kampuni ya Kenya Fluorspar ilisimamisha kazi mwaka 2009, ikarudi mwaka uliofuata, kisha ikafunga mwaka 2016. Mamia ya watu walipoteza kazi. Biashara zilizoishi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi zikafuata. Na nyuma ya yote hayo lilibaki deni la zamani zaidi: familia zilizotolewa kwenye ardhi yao miaka ya 1970 zimekuwa zikidai fidia kwa miaka na miaka. Serikali nayo ilianza kutafuta mwekezaji mwingine.

Kilichobaki machoni pa mpita njia ni mashimo makubwa, vilima vya mawe yaliyotupwa, mabwawa ya matope yaliyokauka, na barabara.

Hizo barabara ndizo ninazotaka tuziangalie. Lori lililobeba tani nyingi za mawe haliwezi kupanda kijia cha mbuzi. Linataka mwinuko wa taratibu, kona pana, msingi mgumu na mitaro ya kutoa maji. Mgodi hulazimika kujenga hivyo, tena katika nchi ya milima ambako serikali isingejenga kwa miaka mingi. Mgodi ukiondoka, mitambo huuzwa, lakini barabara haibebeki. Na mwinuko unaolifaa lori zito ndio huohuo unaolifaa goti la mwendesha baiskeli.

Ushahidi upo tayari, nao ni wa miguu. Barabara ya kupanda kutoka Kimwarer hadi Nyaru, juu ukingoni, wanariadha wameigeuza kuwa mtihani wao. Ni kama kilomita 21, zote za kupanda, zaidi ya mita 1,000 kwenda juu. Wao huita mazoezi hayo Fluorspar tu, na kila mkimbiaji wa Kaptagat analijua jina hilo kwa maumivu. Mimi niliupanda kwa gia nyepesi kuliko zote nilizo nazo, nikapitwa na kijana anayekimbia. Akanipungia mkono.

Nani anafaidika?

Sasa tuseme ukweli bila kupamba. Baiskeli haiwezi kujaza pengo la mgodi. Chukulia waendeshaji 20 wanalala Kimwarer usiku mmoja, na kila mmoja anatumia shilingi 3,000 kwa kitanda, chakula, maji na kiongozi wa njia. Hizo ni shilingi 60,000. Kwa mama mwenye hoteli na kijana anayeziba pancha ni pesa nzuri. Kwa mji uliozoea mshahara wa mamia ya watu kila mwezi ni tone. Anayewaambia watu kwamba utalii utarudisha kila kitu anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Lakini tone hilo lina sifa moja ambayo mgodi haukuwa nayo: linaingia moja kwa moja mkononi mwa mwenye kibanda. Halisubiri bei ya dunia, wala halihitaji leseni kutoka Nairobi. Na linaweza kuanza mara moja, wakati mambo makubwa ya ardhi yanaendelea mahakamani na bungeni.

Dunia ina mifano. Mji wa Derby, kisiwani Tasmania huko Australia, uliishi kwa madini ya bati, ukafifia, kisha mwaka 2015 ukafungua njia za baiskeli za milimani zinazovuta wageni kutoka mabara yote. Cornwall, Uingereza, njia zilizobeba shaba na bati leo ni za baiskeli na za wapita kwa miguu. Huko kote kuna jambo moja linalofanana: njia zilipangwa, zikawekwa alama, zikapata wa kuzitunza. Hazikuachwa tu.

Kimwarer bado haijafika huko. Hakuna kibao kinachomwambia mgeni ageuke wapi, wala uzio kila penye shimo. Mzee mmoja aliyenikaribisha chai alinieleza kwamba wageni wa baiskeli hupita, hupiga picha na kwenda kulala Iten au Eldoret. Nilimwuliza kwa nini. Akasema kwamba hakuna aliyewaambia kwamba pale pana kitanda. Hapo niliona tatizo lote: barabara ipo, mgeni yupo, kinachokosekana ni mwenyeji mwenye uhakika wa ardhi yake wa kuweka kitanda na kibao. Na mtu asiyejua kama kesho atakuja mwekezaji mpya na karatasi hawezi kujenga nyumba ya wageni leo.

Turudi kwetu

Hapa Pwani tunao mfano wetu, na ni mzuri kuliko mingi. Machimbo ya mawe ya chokaa ya Bamburi yalikuwa jangwa jeupe linalochoma macho. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo, na mvinje ndio ulioshika. Majani ya mvinje yalikataa kuoza, mpaka wakaletwa majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Leo pale pana msitu, na ndani ya msitu huo watu wa Mombasa hukimbia na kuendesha baiskeli juu ya njia zilizokuwa za machimbo. Waliompeleka mtoto kumtazama kobe Mzee na kiboko Owen walikuwa wakitembea ndani ya shimo la zamani la simiti.

Kwa hivyo Kwale haianzi gizani. Kutokana na Bamburi na Kimwarer mimi naona mambo matatu.

Kwanza, suala la ardhi litangulie. Pasipo hati na pasipo fidia iliyokamilika, kila mradi mwingine utakaa juu ya mchanga. Kimwarer ilifungwa mwaka 2016, na kwa miaka ikanaswa hapo.

Pili, ukarabati ufanywe mapema na ukaguliwe hadharani. Msitu wa Bamburi haukuota kwa mwaka mmoja. Shimo lisilofukiwa wala kuzungushiwa uzio ni hatari kwa mtoto anayechunga mbuzi kabla ya kuwa hatari kwa mtalii.

Tatu, barabara za mgodi zisiachwe zikaliwa na mvua huku wakubwa wakibishana. Barabara isiyotunzwa mitaro yake huanza kuliwa msimu wa kwanza. Zikabidhiwe kaunti kwa maandishi, na vikundi vya vijana wa Nguluku, Maumba na vijiji jirani wapewe kazi ya kuzitunza na haki ya kuongoza wageni. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inatenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii. Sehemu ndogo tu ya fedha hiyo ingetosha vibao, mitaro na mafunzo ya ufundi wa baiskeli. Watalii wa Diani wako karibu, na Shimba Hills iko jirani. Kimwarer wangeomba ujirani kama huo.

Kwa anayetaka kwenda

Ukitoka Mombasa, panda gari moshi au basi hadi Nairobi, kisha basi la Kitale. Ng'oa magurudumu, funga baiskeli kwa shuka nzee, na patana nauli ya mzigo kabla ya kupanda, si baada ya kushuka. Panga siku tatu: Kachibora hadi Iten, Iten hadi Kimwarer, na Kimwarer hadi Nyaru. Miguu mizito iongeze siku moja.

Chukua tyubu mbili za akiba, pampu, viraka, na kiungo cha cheni. Duka la vipuri vya baiskeli yako hutalikuta bondeni, ingawa fundi wa kurekebisha spoki utamkuta karibu kila soko.

Maji ni jambo la kushika sana. Usinywe maji ya mabwawa ya mgodi wala ya vijito vinavyopita hapo. Maji mengi ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, ambayo huharibu meno na mifupa ya anayeyanywa kwa muda mrefu, na kuyachemsha hakuiondoi. Nunua maji ya chupa, au beba ya kutosha kutoka Iten.

Usikaribie kingo za mashimo, maana mawe yaliyolegea huporomoka. Usiende peke yako. Kabla ya kushuka bondeni, uliza kituo cha polisi na wenyeji kuhusu usalama. Sehemu za kaskazini za Kerio zimesumbuliwa sana na wizi wa mifugo wa kutumia silaha, na hali hubadilika. Ukiambiwa leo usipite, usipite.

Na ukifika Kimwarer, lala hapo. Uliza chumba, uliza chakula, lipa bei iliyosemwa. Ukirudi, mwambie mwakilishi wa wadi yako Kwale ulichokiona, na umwulize ni nani hivi sasa aliye na jukumu la kufukua mitaro ya barabara ya mgodi wetu. Asipokuwa na jina la kukupa, andika barua kwa kaunti kabla ya mvua za masika.